Kovu Lisilosomeka kwa Macho: Somo la Kuuliza Hifadhidata katika Mtandao wa Rika

Mama mjamzito anapolala juu ya kitanda cha kliniki, mkunga huona kovu la upasuaji chini ya kitovu chake. Kovu hilo humweleza jambo moja tu, kwamba mama huyu aliwahi kupasuliwa. Halimwelezi namna mfuko wa uzazi wenyewe ulivyokatwa. Mkato wa ngozi waweza kuwa wa mlalo huku mkato wa mfuko wa uzazi ukiwa wa wima, na kinyume chake.

Tofauti hiyo ina uzito. Kwa mama aliyekatwa kwa mlalo katika sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, hatari ya kovu kupasuka wakati wa uchungu ni chini ya 1 kwa kila akina mama 100. Kwa aliyekatwa kwa wima katika sehemu ya juu, hatari hupanda hadi kati ya 4 na 9 kwa kila 100. Wote wawili hushauriwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, lakini hawaendi kwa wakati mmoja. Wa pili hapaswi kuusubiri uchungu kabisa. Upasuaji wake hupangwa kabla uchungu haujaanza. Mkunga asiyejua aina ya mkato hajui ni wiki gani amwandikie mama rufaa.

Jibu la swali lake limekwisha kuandikwa. Limo katika kumbukumbu za hospitali ambako mama alipasuliwa, pengine wilaya nyingine na miaka mingi iliyopita. Somo hili linaeleza namna swali laweza kusafiri hadi kwenye kumbukumbu hizo na kurudi na jibu, bila kumbukumbu zote kuhamishiwa mahali pamoja. Linaeleza pia kosa moja ambalo msomaji wa jibu hilo hapaswi kulifanya.

Maandishi yako wapi

Tuitazame kata ya Masakta, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Mama wa eneo hili anayehitaji upasuaji aweza kufikishwa Katesh, makao makuu ya wilaya. Mwingine aweza kujikuta Haydom, upande wa Mbulu, na mwingine Dareda, upande wa Babati. Ndoa, kilimo na malisho ya mifugo huwahamisha watu, na mimba ya pili aghalabu haihudumiwi pale ilipohudumiwa ya kwanza. Kadi ya kliniki, RCH-4, hutembea na mama, ila kadi ya mimba iliyopita hupotea, hulowa, au hubaki kwenye nyumba aliyohama.

Tanzania haikosi mfumo wa taarifa. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, umekipa kila kituo vitabu vinavyofanana: Kitabu Namba 6 ni cha wajawazito, Namba 7 cha watoto, Namba 12 cha wodi ya wazazi. Ripoti za mwezi zitokazo katika vitabu hivyo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ripoti ya mwezi hubeba jumla. Yaweza kusema ni akina mama wangapi walipasuliwa wilayani mwezi Juni. Haisemi mama huyu alikatwa vipi. Idadi imepanda ngazi hadi taifani, jina limebaki kituoni.

Kliniki za tiba na matunzo ya VVU zilikwenda hatua zaidi. Nyingi zimekuwa na hifadhidata ndani ya kituo, CTC2, yenye taarifa za kila mgonjwa, ambayo hutoa nakala kwa hifadhidata ya taifa, CTC3. Hiyo ni njia ya kukusanya: data husafiri kwenda kitovuni, kisha maswali huulizwa huko. Njia hii ina faida zake, na mfumo wa taifa umejengwa juu yake. Hata hivyo kitovu hujua tu kile kilichokwisha kufika, na kitovu kikizimika, wote hunyamaza. Wakazi wa Hanang hawahitaji kufundishwa kwamba mahali pamoja paweza kuharibika kwa siku moja: tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Njia ya pili ni kuziacha data makwao na kulituma swali. Ili kuielewa, kwanza ni lazima kulielewa swali lenyewe.

Jedwali na ulizo

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data zote zipangwe katika majedwali ya mistari na safu, na kwamba muulizaji aseme anataka nini bila kueleza zitafutwe wapi na kwa njia gani. Hifadhidata za namna hiyo huitwa hifadhidata za uhusiano, na lugha ya kuziuliza iliyoenea zaidi ni SQL.

Chukua mfano wa kubuni wenye majedwali mawili. La kwanza ni Kliniki, lililopo katika zahanati. Safu zake ni namba ya mama, kijiji, na tarehe ya matazamio. La pili ni Upasuaji, lililopo katika hospitali. Safu zake ni namba ya mama, tarehe ya upasuaji, na aina ya mkato. Ulizo la mkunga, likisemwa kwa Kiswahili, ni hili:

*Toa namba ya mama na aina ya mkato, kutoka Kliniki na Upasuaji, ambapo namba ya mama ni ileile katika majedwali yote mawili, na tarehe ya matazamio iko ndani ya miezi mitatu ijayo.*

Kitendo cha kulinganisha namba katika jedwali moja na namba katika jedwali jingine huitwa kuunganisha majedwali. Majedwali yote mawili yakiwa ndani ya kompyuta moja, kazi hiyo huisha kwa kufumba na kufumbua. Hapa jedwali la Kliniki limegawanyika katika zahanati nyingi, na la Upasuaji katika hospitali tatu. Hakuna kompyuta hata moja inayoyaona yote.

Mtandao usio na mkubwa

Mtandao wa rika ni mtandao ambao kompyuta zote zina hadhi sawa. Kila moja huuliza, na kila moja hujibu. Umma uliufahamu kwanza kupitia kubadilishana muziki. Napster, iliyoanza mwaka 1999, iliacha nyimbo katika kompyuta za watu lakini iliweka orodha ya nani ana nini katika seva zake. Mwaka 2001 amri ya mahakama ilipoikabili kampuni hiyo, huduma yote ilisimama. Gnutella, iliyotokea mwaka 2000, haikuwa na orodha kuu. Kila kompyuta ilimpasia jirani swali, jirani naye akampasia jirani yake, hadi swali lilipofikia kikomo cha hatua lilizoruhusiwa. Namna hiyo huujaza mtandao maswali, na kitu adimu chaweza kukosekana kwa sababu tu kilikuwa hatua moja mbele ya kikomo.

Mwaka 2001 watafiti wa MIT na Berkeley, Marekani, walichapisha mpango uitwao Chord, mmoja wa mipango kadhaa ya wakati huo inayojulikana kama majedwali ya heshi yaliyogawanywa. Heshi ni kanuni ya hesabu inayobadili neno au namba yoyote kuwa namba nyingine, daima kwa namna ileile. Namba hiyo ndiyo inayoamua ni kituo gani kitakachoulizwa.

Tazama kwa mfano mdogo. Vituo vitano vimepangwa kwenye duara lenye alama 0 hadi 999, katika alama 120, 340, 510, 760 na 930. Kanuni ni kwamba kila namba hutunzwa na kituo cha kwanza kinachokutwa mbele yake. Namba ya mama ikitoa heshi 417, mtunzaji ni kituo cha 510. Kituo hicho kikizimika, mtunzaji anakuwa kituo cha 760, na sehemu za vituo vingine hazibadiliki. Hapahitajiki mkubwa wa kugawa kazi, kwa kuwa kila kituo chaweza kupiga hesabu hiyohiyo na kupata jibu lilelile. Katika Chord kila kituo hukumbuka anwani chache tu za wenzake, na hata mtandao ukiwa na vituo 1,000, swali hufika baada ya hatua zisizozidi takriban 10.

Jedwali la heshi hujibu swali dogo: ni nani anayetunza namba hii? Halijui kuunganisha majedwali. Mwaka 2003 kundi la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwamo Ryan Huebsch na Joseph Hellerstein, lilieleza mfumo wa PIER, uliojenga maulizo ya hifadhidata za uhusiano juu ya jedwali la namna hiyo. Waliujaribu kwa mwigo wa kompyuta hadi vituo 10,000. Miongoni mwa misingi yao, miwili yahusu moja kwa moja vituo vya afya: kwamba data zibaki katika makazi yake ya asili, na kwamba watu wengi waweza kuulizana iwapo wanatumia majedwali ya muundo mmoja.

Msingi huo wa pili ndio uliowashinda wengi. Mifumo mingine ya miaka hiyo ilitumia nguvu kubwa kutafsiri majedwali ya mwenza mmoja yaeleweke kwa mwenza mwingine. Kwa vitabu vya MTUHA sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kufanyika: zahanati ya Hanang na ya Mbulu zinapiga mstari juu ya safu zilezile.

Kuunganisha yaliyo mbali

Kuna njia tatu za kulijibu ulizo la mkunga.

Ya kwanza ni kuleta yote. Tuseme hospitali moja ina kumbukumbu 4,000 za upasuaji, kila moja baiti 2,000. Kuzileta zahanatini ni kubeba baiti milioni 8 kwa ajili ya akina mama 60. Mtandao wa simu ukiwa hafifu, kazi haitakwisha. Ikiisha, zahanati itakuwa na siri za wagonjwa 4,000 ambao wengi wao haiwahudumii.

Ya pili ni kukutana njiani. Zahanati hutuma kila namba ya mama kwa kituo kinachoelekezwa na heshi yake, na hospitali hufanya vivyo hivyo. Kwa kuwa heshi ni moja, namba ileile kutoka pande mbili hukutana kwenye kituo kimoja, na hapo ndipo muungano hufanyika. Hii ndiyo njia ya msingi ya PIER. Uzuri wake ni kwamba kazi hugawanyika kwa vituo vingi. Ubaya wake kwa tabibu ni kwamba mstari wa mgonjwa hupita katika kompyuta ya kituo kisichomhusu.

Ya tatu hutumia chujio lililobuniwa na Burton Bloom mwaka 1970. Hospitali hutengeneza mfuatano wa biti, zote zikiwa sifuri. Kila namba ya mama aliyepasuliwa hupitishwa katika kanuni kadhaa za heshi, na kila kanuni huonyesha biti moja ya kugeuzwa kuwa 1. Kisha mfuatano huo hutumwa zahanatini. Mkunga, au kwa hakika programu yake, hupitisha namba za akina mama 60 katika kanuni zilezile. Ikiwa hata biti moja inayoonyeshwa ni sifuri, mama huyo hayumo. Ikiwa zote ni 1, huenda yumo.

Neno "huenda" lina kipimo chake. Kwa biti 10 kwa kila namba na kanuni 7, chujio hukosea kwa kusema "yumo" chini ya mara 1 kwa kila 100. Halikosei kwa kusema "hayumo". Kumbukumbu 4,000 huhitaji biti 40,000, yaani baiti 5,000 badala ya milioni 8. Kwa hospitali tatu na akina mama 60, makosa ya kutarajiwa ni mmoja au wawili. Zahanati hurudisha kwa hospitali namba zilizopita kwenye chujio, na hospitali hutuma mistari ya wale tu waliomo kweli.

Mhudumu wa afya analijua umbo la hesabu hii. Chujio hufanya kazi kama kipimo cha uchunguzi wa awali, kisichomwacha mgonjwa lakini huweza kumshuku mzima. Kisha hufuata kipimo cha kuthibitisha.

Ukimya si "hapana"

Hapa ndipo penye kosa lililotajwa mwanzoni. Tuseme ulizo limetumwa, na kwa mama mmoja halikurudi na kitu. Je, hakuwahi kupasuliwa kwa mkato wa wima?

Katika hifadhidata moja iliyo hai, jibu tupu lina maana kwamba mstari haumo. Katika mtandao wa rika jibu tupu lina maana mbili: mstari haumo, au uko katika kituo ambacho hakikufikiwa. Umeme ulikatika, mnara wa simu haukushika, kompyuta ilifungwa jioni. Waasisi wa PIER walilikubali hili wazi. Mfumo wao haukuahidi picha kamili ya data zote, uliahidi picha ya vituo vilivyofikika wakati ulizo lilipopita. Kwa mtafutaji wa nyimbo upungufu huo ni usumbufu mdogo. Kwa mama mwenye kovu la wima waweza kuwa mfuko wa uzazi uliopasuka akiwa njiani.

Kwa hiyo ulizo la tiba halipaswi kamwe kurudisha mistari peke yake. Lazima lirudi na orodha ya waliojibu. Katika mfano wetu, majibu halali ni matatu:

1. *Kumbukumbu imepatikana:* mkato ni wa wima, hospitali fulani, tarehe fulani.
2. *Haikupatikana, na hospitali zote tatu zimejibu.*
3. *Haikupatikana, na hospitali mbili kati ya tatu ndizo zilizojibu.*

Jibu la tatu haliruhusiwi kusomwa kama la pili. Hatua yake ni kuuliza tena, au kupiga simu kwa hospitali iliyonyamaza. Na hadi hapo mama huchukuliwa kuwa mwenye kovu lisilojulikana, apelekwe mapema kwa daktari. Hata jibu la pili si hakikisho, kwa sababu mama aweza kuwa alipasuliwa Singida au Arusha, nje ya duara la walioulizwa. Maneno yake mwenyewe kuhusu uzazi uliopita bado ni ushahidi wa kwanza.

Njia ya kukutana njiani ina udhaifu wa ziada. Zahanati na hospitali zote zaweza kuwa zimejibu, lakini kituo ambacho namba zilipaswa kukutana kikazimika katikati ya kazi. Ndiyo maana mitandao hii huweka nakala ya kila sehemu katika vituo zaidi ya kimoja.

Jina lililoandikwa kwa namna mbili

Hadi sasa mfano wetu umedhani kwamba mama ana namba moja katika vituo vyote. Mara nyingi hana. Kila kituo humpa namba yake, na kinachobaki kumtambulisha ni jina, umri na kijiji.

Katika Hanang na Mbulu jambo hili lina ugumu wa pekee. Kiiraqw na Kidatoga zina sauti zisizo na herufi katika tahajia ya Kiswahili. Jina lenye sauti ya Kiiraqw inayoandikwa *sl* laweza kuandikwa na mhudumu mgeni kwa *tl* au *s*; lenye *q* laweza kuandikwa kwa *k*. Jicho la mtu hutambua kwamba ni jina moja. Heshi haitambui. Herufi moja ikibadilika, heshi hubadilika yote, na jina hupelekwa kituo kingine kabisa. Hapo hata chujio la Bloom, lisilokosea kwa kusema "hayumo", litasema hayumo.

Tiba yake si ya kompyuta kwanza. Ni kumwomba mama ataje jina lake polepole, kuliandika kama lilivyo katika kitambulisho chake cha taifa anapokuwa nacho, na kunakili namba ya kadi ya awali anapohudumiwa kituo kipya. Dakika hiyo moja ya kalamu ndiyo inayoliwezesha ulizo kufika miaka sita baadaye.

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mtandao wa rika unaweza kuilinda siri au kuivujisha, kulingana na ujenzi wake.

Kuacha kumbukumbu hospitalini na kutoa mistari michache iliyoombwa ni ulinzi bora kuliko kusambaza nakala. Lakini heshi ya jina si kifuniko: mwenye orodha ya majina ya kijiji aweza kupiga heshi ya kila jina na kulitambua. Chujio nalo ni tundu la kuchungulia, kwani aliyenalo aweza kulijaribu kwa namba ya mtu yeyote. Hivyo ulizo lazima liwe na mwenyewe anayejulikana, sababu iliyoandikwa, na mgonjwa aliye mbele ya muulizaji. Kila hospitali itunze daftari la nani aliuliza nini na lini.

Hitimisho

Swali laweza kusafiri mahali ambapo kumbukumbu haiwezi. Majedwali ya muundo mmoja, namba inayomfuata mama, na chujio dogo lenye baiti elfu chache vyatosha kuunganisha zahanati ya kata na hospitali tatu kupitia mtandao hafifu. Lakini jibu lina thamani ya orodha ya waliojibu, na si zaidi. Mkunga anayepokea neno "haikupatikana" aulize kwanza: nani alinyamaza?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ripoti ya mwezi ya MTUHA haiwezi kujibu ulizo la mkunga, ingawa imetokana na vitabu vyenye majina?
2. Katika duara la vituo vitano vya mfano, kituo cha 120 kikizimika, namba yenye heshi 45 itatunzwa na kituo gani? Na yenye heshi 600?
3. Chujio la Bloom limesema "huenda yumo" kwa mama ambaye hakuwahi kupasuliwa. Kosa hilo litagunduliwa katika hatua ipi?
4. Hospitali mbili kati ya tatu zimejibu, na kumbukumbu ya mama haikupatikana. Eleza hatua mbili za kuchukua kabla ya kumpangia tarehe ya kurudi kliniki.